Uigaji wa Kifaa cha Nano Ukitoa Jibu Usiloliamini: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia

Mhandisi anayefanya uigaji wa daraja kwenye kompyuta akikosea kipimo, kosa linajionyesha lenyewe: daraja limepinda mita tatu, na akili inakataa. Kwenye vifaa vya nano akili haina pa kushika. Hakuna aliyewahi kuona kwa macho boriti ya silikoni yenye unene wa nanomita 100 ikitetemeka zaidi ya mara milioni kwa sekunde, kwa hiyo jibu lililokosewa mara thelathini linaweza kupita mbele ya mwanafunzi, msimamizi na mhakiki bila mtu kushtuka, tena likiwa na picha ya rangi za kupendeza. Programu ikikataa na kuandika ujumbe mwekundu, shukuru. Kazi kubwa ni kuyatambua majibu mabaya yaliyotoka bila ujumbe wowote.

Kwa sababu hiyo naweka sharti moja kabla ya dalili yoyote: usifungue programu kabla hujakadiria jibu kwa kalamu. Chukua boriti ya silikoni iliyoshikwa upande mmoja, urefu mikromita 10, unene nanomita 100. Frikwensi yake ya kwanza ni 0.1615 × (t/L²) × √(E/ρ), ambapo t ni unene, L ni urefu, E ni moduli ya Young (ugumu wa mada) na ρ ni densiti. Weka E ya gigapaskali 169 na densiti ya kilo 2330 kwa mita ya ujazo, utapata karibu megahezi 1.38. Iandike namba hiyo mahali unapoiona. Yote yanayofuata yanachukulia kwamba unayo, kwa sababu bila namba ya kulinganisha huna dalili. Una picha tu.

Frikwensi imetoka mbali na ulichokadiria

Usianze kubadilisha wavu, yaani gridi ya vipande vidogo (elementi) ambavyo programu hugawa umbo. Angalia kwanza imekosea kwa kiasi gani, maana ukubwa wa kosa ndio unaokuelekeza kwenye chanzo.

Ikiwa imekosea mara elfu, au mara 31.6, chanzo ni vipimo. Frikwensi inategemea kipeuo cha pili cha E gawanya ρ, kwa hiyo ukikosea densiti mara milioni moja frikwensi inakosea mara elfu, na ukiikosea mara elfu inakosea mara 31.6. Hili huwapata zaidi wanaotumia programu zisizouliza vipimo, ambazo hupokea namba tupu na kukuachia wewe ukumbuke maana yake. Ukiamua kufanya kazi kwa mikromita, kilo na sekunde, nguvu itakuwa kwa mikronyutoni na mkazo kwa megapaskali. Basi E ya silikoni unaiandika 169000, na densiti 2.33 × 10⁻¹⁵. Watu wengi hubadilisha E vizuri, kisha densiti wanaiacha 2330 kama ilivyo kitabuni. Bandika vipimo hivyo ukutani. Ni msaada mkubwa kuliko mafunzo mengi ya mtandaoni.

Ikiwa tofauti ni kama asilimia 12 hadi 14, chanzo kinaweza kuwa mwelekeo wa fuwele. Silikoni haina E moja: ni gigapaskali 130 kwenye mwelekeo wa <100>, 169 kwenye <110>, na 188 kwenye <111>. Boriti ileile ikilala kwenye <100> inashuka hadi megahezi 1.21. Muulize aliyetengeneza sampuli boriti imelala upande gani wa kaki ya silikoni, kisha tumia matriki kamili ya unyumbufu, ukihakikisha kwamba mihimili ya modeli yako imezungushwa ilingane na mihimili ya fuwele. Programu nyingi zinachukua kwamba x yako ndiyo <100> usipoziambia vingine.

Ikiwa frikwensi iko juu, na kila unapousaga wavu (kupunguza ukubwa wa elementi) inashuka kidogo kidogo bila kutulia, hapo ndipo penye tatizo la wavu. Elementi za daraja la kwanza zikiwekwa kwenye umbo jembamba linalopinda huwa ngumu kupita kiasi, kwa sababu pande zake zilizonyooka haziwezi kufuata mpindo. Tumia elementi za daraja la pili, angalau mbili kwenye unene, au tumia elementi za magamba ambazo zimeundwa kwa kazi hiyo. Kusaga elementi za daraja la kwanza hadi kompyuta ilie ni kupoteza umeme.

Kisa kinachostahili muda zaidi ni uzi wa silikoni nitridi, unaoshikwa ncha zote mbili, ambao unapendwa sana kwenye vihisi vya nano. Chukua urefu wa mikromita 100, unene wa nanomita 100, moduli ya gigapaskali 250, densiti 3100. Ukiuchukulia kama boriti ya kawaida unapata karibu kilohezi 92. Maabara inapima zaidi ya megahezi mbili. Mwanafunzi anaanza kushuku wavu, kisha solva (sehemu ya programu inayotatua milinganyo), kisha kifaa cha kupimia. Chanzo ni kwamba nitridi iliyotandazwa kwenye tanuru kwa joto kubwa hubaki na mkazo wa ndani wa karibu gigapaskali moja. Uzi umekazwa kama waya wa gitaa, na frikwensi yake inafuata (1/2L) × √(σ/ρ), ambapo σ ni mkazo, yaani megahezi 2.84 kwa mkazo wa gigapaskali moja kamili. Ugumu wa kupinda unachangia kidogo sana.

Hapo kuna mtego wa pili ndani ya wa kwanza. Mkazo wa gigapaskali moja uliopimwa kwenye kaki ni wa pande mbili, kwa sababu tabaka lote limeshikamana na silikoni iliyo chini. Ukishakata uzi na kuuachia, upande wa upana unalegea, na unaobaki kwenye urefu ni σ(1−ν). Kwa ν (uwiano wa Poisson) ya 0.23 hiyo ni gigapaskali 0.77, na frikwensi inashuka hadi karibu megahezi 2.49. Kwenye programu, ingiza mkazo wa pande mbili kama hali ya mwanzo, endesha kwanza hatua ya utulivu ili uzi ulegee unakotaka kulegea, ndipo utafute frikwensi ukianzia kwenye hali hiyo. Swichi ya hesabu za mjongeo mkubwa lazima iwe imewashwa kwenye hatua zote mbili. Ikizimwa kwenye hatua ya pili, programu inausahau mkazo kimyakimya na kukurudishia kilohezi 92 zilezile.

Solva inakwama kwenye volteji ileile, hata ukifanya nini

Una bamba linaloning'inia juu ya elektrodi. Unapandisha volteji: 5, 10, 15, yote yanakwenda. Kwenye 18.2 inatulia kwa shida, kwenye 18.5 inakataa. Unasaga wavu, inakataa palepale. Unabadilisha solva, palepale.

Kukwama kusikohama ni dalili ya fizikia. Nguvu ya umeme inakua haraka kuliko nguvu ya springi, na bamba likishavuka theluthi moja ya pengo linaanguka lote hadi chini. Juu ya volteji hiyo hakuna hali ya utulivu kabla ya mgusano, kwa hiyo solva imesema kweli: jibu unalolitafuta halipo. Kadiria kwa √(8kg³/27ε₀A), ambapo k ni ugumu wa springi, g ni pengo, A ni eneo la bamba na ε₀ ni pamitiviti ya ombwe. Springi ya nyutoni moja kwa mita, pengo la mikromita moja na bamba la mikromita 10 kwa 10 vinakupa volti 18.3. Ikiwa solva inakwama karibu na hapo, usihangaike nayo. Ukitaka kufuata tawi lote, pamoja na ile sehemu isiyo tulivu, geuza swali: toa mjongeo, kisha iulize programu volteji inayohitajika.

Ikiwa inakwama mahali tofauti kila unapobadili wavu, hilo ni jambo lingine. Mara nyingi ni wavu wa hewa kwenye pengo unaobanwa hadi elementi zinapinduka. Panga tabaka chache za elementi zilizonyooka kwenye pengo badala ya pembetatu zilizotupwa ovyo.

Kuna dawa ya uongo ambayo inasambazwa sana: kulegeza kiwango cha kosa kinachokubalika hadi solva inyamaze. Usifanye hivyo. Ukikilegeza mara mia umeiruhusu programu ikupe jibu lililokosewa mara mia zaidi, na ile alama pekee iliyokuwa inakuonya umeizima.

Solva inamaliza papo hapo kwenye hatua ya kwanza, au vipande vya umbo vinatoweka

Ni dalili mbili zenye mzizi mmoja. Ukichora kwa mita, mjongeo wa nanomita ni 10⁻⁹ na ujazo wa mchemraba wa nanomita moja ni 10⁻²⁷. Ikiwa kiwango cha kosa cha solva ni namba isiyobadilika, tuseme 10⁻⁶, basi sifuri yenyewe inakidhi, na solva inatangaza ushindi bila kufanya kazi. Upande wa umbo, programu ya kuchora huunganisha nukta zilizo karibu kuliko umbali fulani, na pengo lako la nanomita moja linazibwa. Chora kwa nanomita au mikromita, na mpe solva ukubwa unaotarajiwa wa kila kigeu. Kisha hesabu sehemu za umbo baada ya kuunganisha: ulichora ngapi, zimebaki ngapi.

Chembe ya dhahabu inafyonza nishati hasi

Sasa twende kwenye mwanga. Umepiga wimbi la mwanga kwenye duara la dhahabu (chembe yenye umbo la mpira) la nanomita 20 ndani ya maji. Ulitarajia kilele cha ufyonzaji karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520. Kilele kipo, lakini ufyonzaji ni hasi, maana yake chembe inatoa nishati kuliko inavyopokea.

Karibu kila mara ni alama ya kujumlisha na kutoa. Jedwali linalotumiwa zaidi kwa dhahabu, la Johnson na Christy la 1972, linatoa n (kinachoonyesha mwanga unavyopinda) na k (unavyofyonzwa). Programu inayoandika muda kama e^(−iωt) inataka n + ik. Inayoandika e^(+iωt) inataka n − ik. Ukiikosea, metali inayofyonza inageuka kuwa kikuza mwanga. Soma mwongozo wa programu yako uone inafuata ipi, na hakiki sehemu ya kufikirika (ile yenye k) ya kila mada, maana wengine hurekebisha dhahabu wakasahau kioo cha chini.

Ikiwa alama iko sawa lakini mstari wa ufyonzaji una mawimbi madogo yanayopanda na kushuka, shuku tabaka la kumezea mawimbi linalozunguka modeli, lile ambalo Bérenger alilianzisha 1994. Likiwa jembamba mno au lina elementi mbili tu kwenye unene, linarudisha sehemu ya mwanga, na mwanga huo unarudi kugonga chembe. Lipe unene wa karibu nusu ya urefu wa wimbi, tabaka za elementi zisizopungua sita, na liweke mbali na uga wa karibu wa chembe. Kisha sogeza mpaka wake nje kidogo na uendeshe tena. Jibu likibadilika, bado hujamaliza.

Kwa bahati nzuri duara lina jibu kamili la hisabati, la Gustav Mie la 1908, na programu ndogo za kulikokotoa zinapatikana bure. Usiende kwenye nyota, fimbo au jozi ya chembe kabla duara lako halijalingana na Mie kwa tofauti ya asilimia moja. Hakiki pia hesabu ya nishati: ufyonzaji na utawanyaji, kila kimoja kikiwa kimekokotolewa peke yake, vijumlishwe vilingane na jumla ya mwanga uliopotea.

Wanaotumia robo ya modeli ili kuokoa kumbukumbu wakumbuke hili: kwenye uso wa ulinganifu ambao uga wa umeme unauchoma wima, weka sharti la kondakta kamili wa umeme; kwenye uso ambao uga unakwenda sambamba nao, weka sharti la kondakta kamili wa sumaku. Ukiyabadilishana, uga unalazimishwa kuwa kile usichokitaka. Mwishoni zidisha nguvu kwa nne.

Uga kwenye ncha unakua kila unaposaga wavu

Uga wa ncha unazidi uga ulioingia mara 300, kisha 800, kisha 2000, na hakuna dalili ya kuishia. Kona kali ya kihisabati ina uga usio na mwisho, na wavu wako unaukaribia tu. Kwa hiyo namba hiyo ya juu kabisa haina maana yoyote, na inanisikitisha kuiona ikiwekwa kwenye muhtasari wa tasnifu kama mafanikio. Hakuna ncha halisi isiyo na mviringo. Tazama picha ya hadubini ya elektroni, weka nusu kipenyo cha nanomita mbili au tatu kulingana na unachokiona, kisha ripoti wastani wa uga juu ya eneo ambalo molekuli zinakaa. Mkazo kwenye kona ya boriti pale inaposhikwa una ugonjwa huohuo na dawa hiyohiyo.

Kwenye pengo kati ya chembe mbili, pengo likiwa chini ya nanomita moja, hata wavu mzuri haukuokoi. Elektroni zinaanza kuvuka pengo, na mlinganyo wa Maxwell wenye jedwali la kawaida la dhahabu hauna habari hiyo.

Transista haitulii, au inatoa msongamano hasi wa elektroni

Msongamano hasi wa elektroni haupo duniani. Ukiuona, mara nyingi ni kwa sababu potensheli inabadilika sana kati ya nodi moja (nukta ya wavu) na jirani yake. Mbinu ya kawaida ya elementi zenye ukomo huanza kuyumba pale tofauti hiyo inapozidi takriban mara mbili ya kT/q (volteji inayotokana na joto), yaani milivolti 52 hivi kwenye joto la kawaida. Scharfetter na Gummel walitoa suluhisho 1969 kwa kukokotoa mkondo kati ya nodi kwa fomula ya eksponenti, na ndiyo maana programu nyingi za semikondakta hutumia mbinu yao. Ikiwa unaandika milinganyo mwenyewe kwenye programu ya jumla kama FEniCS, tumia logariti ya msongamano kama kigeu, au potensheli za Fermi. Logariti haiwezi kuzaa namba hasi.

Ukubwa wa wavu ufuate urefu wa Debye, yaani umbali ambao athari ya chaji inafifia ndani ya semikondakta. Kwa silikoni yenye dopingi (atomi zilizopandikizwa) ya 10¹⁶ kwa sentimita ya ujazo ni karibu nanomita 41. Kwa 10¹⁸ ni karibu nne. Wavu wa nanomita 10 unaofaa upande mmoja wa makutano ni mbovu kabisa upande wa pili. Na angalia vipimo tena: 10¹⁸ kwa sentimita ya ujazo ni 10²⁴ kwa mita ya ujazo.

Ikikataa tangu mwanzo, umeiruka ngazi. Tatua kwanza bila volteji yoyote, kisha panda kwa hatua ndogo, milivolti 50 hivi, kila hatua ikianzia kwenye jibu la iliyopita. Mkondo unaoingia na unaotoka lazima vijumlishwe vipate sifuri. Visipofanya hivyo usichore mchoro wowote. Na kwa mkondo mdogo sana wa transista iliyozimwa, ukiona mstari unaoruka ruka, hiyo ni sakafu ya tarakimu 16 za kompyuta.

Waya wa silikoni wa nanomita tano utakupa jibu tulivu, zuri, na lenye kosa. Modeli ya kawaida inarundika elektroni kwenye mpaka na oksidi, wakati fizikia ya kwanta inazisukuma ndani karibu nanomita moja. Hakuna wavu utakaorekebisha hilo. Ongeza kirekebishi cha kwanta au tatua mlinganyo wa Schrödinger pamoja na wa Poisson.

Kumbukumbu ya kompyuta imeisha

Ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu kwenye modeli ya pande tatu, vigeu vinazidi mara nane, na kumbukumbu ya solva ya moja kwa moja inazidi karibu mara 16. Kompyuta ya gigabaiti 16 inaishiwa mapema. Saga pale tu uga unapobadilika haraka. Tumia ulinganifu; umbo la mviringo lipunguze liwe la pande mbili. Solva ya kurudiarudia inakula kidogo, ingawa kwenye mawimbi ni kaidi. Na pale umeme unapokatika mara kwa mara, iambie programu ihifadhi kila hatua ya volteji au ya urefu wa wimbi, ili uendelee ulipoishia. Leseni isiwe kizuizi pia: programu ya uigaji Elmer ya kituo cha CSC cha Finland na ile ya kutengeneza wavu, Gmsh, ni za bure, na zinatosha kwa sehemu kubwa ya yaliyo hapa.

Kila kitu kimetulia, lakini maabara inasema vingine

Umejaribu wavu tatu, jibu halihami. Nishati inalingana. Duara linamtii Mie. Bado kipimo kinatofautiana. Hapo rudi kwenye mada yenyewe, kwa sababu namba za kitabuni zimepimwa kwenye vipande vikubwa.

Joto ndilo linalodanganya zaidi. Silikoni nene inapitisha wati 148 kwa mita kwa kelvini. Waya wa silikoni wa nanomita 22 umepimwa ukipitisha chini ya 10, kwa sababu fononi (mitetemo ya atomi inayobeba joto) zinagonga kuta kabla hazijafika mbali. Ukiacha 148 kwenye modeli, kifaa chako kitaonekana baridi kuliko kilivyo mara nyingi. Kuna pia ukinzani wa joto kwenye mpaka wa mada mbili, ambao programu haiuweki usipoiomba.

Kwenye dhahabu, kilele kilichopimwa kikiwa kipana kuliko cha modeli kwa chembe ndogo kuliko nanomita 38 hivi, elektroni zinagonga uso wa chembe na kupoteza nishati ya ziada. Ongeza upotevu huo kwa kiasi kinacholingana na kasi ya elektroni gawanya nusu kipenyo. Kwenye boriti inayotetemeka hewani, molekuli za hewa husafiri karibu nanomita 68 kabla ya kugongana, kwa hiyo pengo la nanomita 200 halifuati milinganyo ya kawaida ya maji na hewa.

Badilisha kimoja kwa wakati, na kila badiliko liwe na kipimo kinachoweza kulikataa. Ukidhani ni mkazo wa ndani, pima nyuzi za urefu tofauti: frikwensi ikipungua kwa 1/L ni mkazo, ikipungua kwa 1/L² ni ugumu wa kupinda. Ukidhani ni tabaka la oksidi juu ya silikoni, ichovye sampuli kwenye asidi ya hidrofloriki iliyozimuliwa, ukiwa na mtaalamu na vifaa vya kinga, kisha pima tena kabla oksidi haijaota upya. Modeli yenye vigeu vitano vya kuchezea italingana na chochote, hata na sampuli iliyovunjika.